Soda za Baba Mkwe

Niliolewa kijijini Suma nikiwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi iliyofuata sikuwahi kumtazama baba mkwe wangu usoni. Usinishangae. Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto anamwogopa baba wa mumewe, na huko kuogopa ndiyo heshima yenyewe. Hukutani naye njiani, hukai naye chumba kimoja, humsemeshi wala hakusemeshi. Bibi zetu walikuwa wakisikia kikohozi tu wanajitupa kwenye migomba. Sisi tuliokulia kanisani tulikuwa tumelegeza kidogo, maana mchungaji alishasema mambo hayo si lazima tena, lakini mchungaji hakuwa akiishi uani kwa mama mkwe wangu. Basi nikimwona mzee anakuja nilichuchumaa pembeni mwa njia, kanga kichwani, macho chini, mpaka apite. Nilimjua kwa miguu na kwa sauti. Zaidi ya hapo, hapana.

Na mimi ni mtu wa wasiwasi, nilizaliwa hivyo. Mtoto akichelewa kutoka shule mimi nishamzika. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la ndizi kwenda Dar es Salaam, na alikuwa akisema kwamba nikikosa la kuogopa, naogopa huko kukosa. Yeye alikuwa njiani siku zote, anacheka. Mimi nimebaki Suma na wazazi wake.

Mambo ya soda yalianza miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla yake tuliishi na maduka matupu. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, na soda ilikuwa ya harusi, tena ya meza ya mbele tu. Halafu ghafla ikawa ruksa. Ukienda mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, unakuta rafu zimejaa vitu hata hujui ni vya nini. Gari la soda likaanza kufika hadi huku kwetu vijijini, na mimi nikafungua kibanda barabarani. Friji la nini na baridi hii ya Rungwe? Nilizamisha chupa kwenye ndoo ya maji chini ya meza, zikitoka hapo zinakuuma meno.

Mteja wangu mkubwa alikuwa baba mkwe, ila hakuwahi kufika kibandani. Angefikaje na mimi nipo? Alimtuma mama mkwe. Alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, alikofanya kazi kwenye mashine za kukaushia majani, na sasa alikuwa mzee wa kanisa mwenye migomba yake, kishamba cha chai na ng'ombe wawili. Alipenda soda ya chungwa. Asubuhi moja, jioni moja. Siku moja, kupitia ukuta wa jiko, nilimsikia akimwambia mgeni, "Nimekunywa chai bila sukali miaka mingi. Sasa Mungu ametufungulia, mimi ninywe nini?" Mgeni akacheka, na mimi jikoni nikacheka. Kweli mzee wa watu alikuwa ameteseka, acha afaidi.

Baadaye mbili zikawa nne, nne zikawa sita. Mama akija kuchukua nyingine nilijiambia ni jua, jua la wapi Suma, mvua hainyamazi. Mzee akawa anatoka nje kila mara. Mimi ndiye niliyefagia uwanja asubuhi, na ndiye niliyewaona sisimizi. Walikuwa wamejazana nyuma ya migomba, pale mzee alipokuwa akijisaidia haja ndogo akiona choo kiko mbali, weusi tii, hawaondoki hata ukiwagusa na ufagio. Nikasimama pale na ufagio wangu. Mjomba wangu alianza hivyohivyo, na mjomba wangu tulishamzika.

Nilimwambia mama mkwe, mama akamwambia mume wangu aliporudi, mume wangu akampeleka mzee hospitali. Hivyo ndivyo maneno yangu yalivyosafiri katika nyumba ile. Daktari akasema ni kisukari. Akampa vidonge, akasema soda basi, chai ya sukari basi. Anywe maji, maziwa kidogo, chai isiyotiwa sukari. Nikamshukuru Mungu. Nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Maana kwetu wakati ule mgonjwa alipelekewa soda. Zamani ulikwenda kumwona mtu na mtindi kwenye kibuyu, au na ndizi. Lakini biashara zilipofunguliwa, ukienda na mtindi ulionekana huna mbele wala nyuma. Ulikwenda na soda mbili na kikopo cha unga wa glukosi, ili mgonjwa apate nguvu. Na soda ya mgonjwa haikuwekwa kando. Ilifunguliwa mbele yake, aone kizibo kinang'oka, asikie ile pumzi inatoka, ajue hakuna mkono wa mtu uliopita humo. Kisha anakunywa, nawe unamtazama. Asipokunywa, amekushuku, na hapo mmeshakuwa maadui. Basi habari zikaenea kwamba mzee wa kanisa anaumwa, na watu wakaja, kwa kuwa alikuwa mtu wa watu. Kadiri walivyokuja ndivyo alivyozidi kuumwa, na alivyozidi kuumwa ndivyo walivyokuja. Na soda walinunua wapi? Kwangu. Walisimama kibandani, wakasema wanakwenda kumwona baba, nikawapa chupa na kuwafutia maji kwa kanga yangu mwenyewe.

Niliacha kuziuza. Wakanunua kwenye kibanda cha jirani. Nikawazuia njiani nikawaambia, "Jamani, mzee ana sukari, daktari amekataza." Wakaniitikia vizuri kabisa, wakapita na soda zao. Mama mmoja wa kwaya aliniambia soda moja haiwezi kumdhuru mtu mzima. Moja ilikuwa kwake yeye. Kwa mzee, siku hiyo, ilikuwa ya saba.

Ndipo nikaanza kutengeneza vinywaji. Mchaichai ulikuwa umestawi ubavuni mwa nyumba yangu. Nikauchemsha na tangawizi, nikaupooza. Nikagandisha mtindi wa ng'ombe wetu. Nikachemsha maji, nikayachuja kwa kitambaa cheupe mpaka yakang'aa. Nikampa mama apeleke, mwenyewe nikabaki nyuma ya ukuta nasikiliza kama mwizi.

"Hiki nini?" baba akauliza.

"Mchaichai," mama akasema.

"Mimi ng'ombe, nipewe majani?"

Mtindi alionja, akasema ni wa watoto. Maji akasema ni ya kunawa. Mama akarudi jikoni na vikombe vimejaa, akaviweka mezani polepole. "Mwanangu, huyu habadiliki. Mwache tu."

Ningemwachaje? Nilipojifungua mtoto wangu wa pili kwa shida, nikalala siku nyingi siwezi hata kukaa, mzee huyu alichinja jogoo kwa mkono wake. Alikuja akasimama nje ya mlango wangu, amenipa mgongo, akauambia mgomba uliokuwa mbele yake kwamba mkwe ale ashibe, asifikirie kazi. Akaondoka. Hayo ndiyo maneno pekee aliyokuwa amewahi kunipa, na aliyapitisha kwa mgomba. Sasa niko nyuma ya ukuta namsikia akijiua kwa chungwa, nifumbe macho?

Basi nikafanya upumbavu. Nilichukua chupa tupu za soda ya chungwa, nikaziosha. Nikachemsha mchaichai mzito, nikakamulia pasheni mpaka rangi ikafanana, sukari sikutia hata chembe. Nikajaza, nikatafuta vizibo ambavyo havikupinda sana, nikavibana tena kwa kuvigongagonga juu ya kitambaa. Nikazitia kwenye ndoo ya baridi. Ukizitazama kwa mbali huwezi kujua. Mama alipokuja nikampa moja, sikumwambia kitu. Nilijiona mjanja, mwenzangu, nilijiona nimesoma.

Nikaenda nyuma ya ukuta. Nikasikia opena inagusa chupa. Kizibo kikatoka kimya. Hakuna ile pumzi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimeuza soda miaka yote hiyo nisifikirie sauti.

"Hii imefungwa na mtu," baba mkwe akasema.

Nikasikia akiinusa. Akatoka akaimwaga uwanjani, akarudi, akamuuliza mama imetoka wapi. Mama angesema nini? Akasema imetoka kwa mkwe.

Angefoka ningepata nafuu. Hakufoka. Alisema taratibu kwamba kuanzia siku hiyo hatakula kitu cha jikoni kwangu, wala hatakunywa kitu ambacho hakikufungwa kiwandani. Hebu fikiria nilichokifanya. Maji hayana kizibo. Mtindi hauna kizibo. Mchaichai ndiyo usiseme. Mimi, niliyetaka aache soda, nilikuwa nimeifanya soda iwe kinywaji pekee anachokiamini duniani.

Nilimweleza mama yote, nalia. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nakuamini," akasema. "Lakini kwa nini ulinificha na mimi?" Habari za ile chupa zikatoka nje. Nilipokwenda mtoni kuteka maji wanawake waliacha kuongea. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akatoka kwake Matwebe akaja kuniuliza, kwa upole mwingi, kama sijakumbuka nyumbani kwetu, kama nisingependa kwenda kupumzika kidogo. Nilielewa. Mume wangu alikuwa Dar na mzigo, simu hakuna, wa kunitetea hakuna. Nikakonda wiki mbili kama niliyekuwa nanyonyesha mapacha.

Ikaja Jumanne. Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe, mvua imekatika, nikamsikia mzee anakuja. Nikatua mzigo nikachuchumaa. Akapita karibu sana, kwa sababu njia ilikuwa na tope na yeye alifuata ukingo mkavu. Alikuwa na ndala. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, cheusi, na chini yake kuna kidonda kibichi kinachovuja. Nzi wawili walikuwa wakimfuata. Na alikuwa akikanyaga vilevile, hachechemei, kama mguu si wake. Siku chache kabla yake alishinda shambani na gambuti. Nafikiri kijiwe kiliingia humo kikamsaga kutwa nzima na hakukisikia.

Watu wote waliokuja kumwona walimtazama usoni. Aliyeona mguu ni mimi peke yangu.

Niliinuka nikiwa na nia ya kumkimbilia mama. Nikafika jikoni, nikasimama. Hebu niseme nini? Kwamba mguu wa baba unaoza? Mtu anayesemwa kwamba amemtilia mzee kitu kwenye chupa, leo aje ataje ugonjwa ambao hakuna mwingine aliyeuona? Wangeuliza nimeujuaje. Kwetu ukitaja jambo kabla halijaonekana, wewe ndiye mwenye nalo. Nikajiambia mume wangu anarudi Ijumaa, nitamwambia yeye, atamwambia mama, itakwenda kama zamani. Ijumaa si mbali.

Jumatano nilisikia mzee akimwambia mama kwamba ana baridi. Alhamisi alivaa soksi. Nilizifua mimi, na ile ya kulia nilipoitia kwenye maji ilibidi nigeuze uso pembeni. Hata hapo sikusema. Ijumaa nilikaa barabarani mpaka giza likaingia na lori halikuja. Jumamosi dereva mwingine akapita akasema la mume wangu limeharibikia njiani, wanangoja kipuri. Nikarudi nyumbani. Nilifungua mdomo mbele ya mama mara tatu siku hiyo. Mara ya kwanza nikamuuliza chumvi, ya pili nikamuuliza kuni, ya tatu akaniuliza yeye kama naumwa.

Jumapili mzee hakwenda kanisani. Ibada ilipokwisha wazee wenzake wakaja sita, na mama wa kwaya, na kreti nusu. Nilikuwa jikoni. Nikasikia kizibo cha kwanza kinatoa pumzi. Nikasikia baba anameza. Nikasikia cha pili.

Sikuamua. Nikikuambia niliamua nitakuwa nakudanganya. Nilijikuta nimesimama sebuleni, mahali ambapo sijawahi kukanyaga yeye akiwepo, na watu wote wamenigeukia. Nikapiga magoti.

"Baba, naomba radhi. Usinywe hiyo. Na naomba uvue soksi ya kulia."

"Mwanangu," mama akasema, kwa sauti ndogo.

Mzee mwenye opena akabaki nayo mkononi. Nikainua macho nikamtazama baba mkwe wangu. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na macho ni yale ya mume wangu hasa. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinishangaa tu. Kisha akainama, akaanza kuvuta soksi, na soksi ikakataa kutoka, imeshika. Akaivuta kwa nguvu. Harufu ikajaa sebule nzima, mama wa kwaya akaziba pua kwa kitambaa chake cha kanisani.

Baba mkwe aliutazama mguu ule kwa muda mrefu. "Siuhisi," akasema. "Mbona siuhisi?"

Mmoja wa wazee alikuwa na pikapu. Tukampeleka hospitali mchana uleule, mimi nikiwa nyuma nimemshika bega ili asiyumbe, na hakuna aliyesema kitu kuhusu hilo.

Walikata mguu chini ya goti. Mume wangu alifika kesho yake, nguo zimejaa oili, na tulikuwa tumesimama watatu kwenye ukumbi, yeye, mama na mimi, daktari alipotueleza. Alikuwa kijana mpole. Alisema mzee atapona, sukari wataishusha, ila mguu usingeweza kusubiri. Kisha akasema kama mtu anayejisemea, "Mngemleta mwanzoni mwa wiki iliyopita, labda tungetoa kidole tu."

"Hatukujua, daktari," mama akasema, analia. "Alivaa soksi. Hakuna aliyejua."

Mume wangu akanishika mkono. Mimi nikatazama chini, kama mkwe mwenye adabu.

Baba mkwe alirudi nyumbani na magongo, na baada ya pale tulikuwa tukiongea. Huwezi kupiga magoti mbele ya mtu, ukamwambia avue soksi mbele ya wazee wa kanisa, halafu kesho ukachuchumaa kwenye migomba. Alimtuma mama aniite uwanjani. Nikaenda.

"Ile chupa," akasema, "ulitia nini?"

"Mchaichai na pasheni, baba."

"Bila sukali?"

"Bila sukari."

Akafikiri. "Ilinukia vizuri. Tengeneza nyingine. Lakini usiifunge."

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yangu, na hukumu yake. Tangu siku hiyo alikunywa mchaichai wangu asubuhi, mtindi kidogo mchana, na maji kutwa. Akawa msumbufu wa upande wa pili: mgeni akileta soda, baba aliirudisha waziwazi, akasema mwenye kumpenda amletee mayai. Watu walinuna mwanzoni, kisha wakazoea. Ilifika mahali mtu akija kumwona anang'oa mchaichai kwake, anaufunga kwa kamba ya mgomba, anakuja nao mkononi. Shemeji yangu wa Matwebe naye aliuleta, hakunitazama sana. Wazee wawili wa kanisa waliacha kutia sukari kwenye chai kwa sababu yake, na mmoja aliapa kwamba kiuno kilimpona, jambo ambalo sidhani kama lina uhusiano, lakini nani wa kumbishia.

Aliishi miaka sita zaidi. Na kila mgeni aliyekaa pale, mpya au wa zamani, alimsimulia. Alipenda kuisimulia nikiwepo, nimeshika jagi. "Huyu mkwe wangu ndiye aliyeniokoa. Mnaona watu wengine wangengoja, wangeona haya. Huyu siku ileile alipouona mguu, aliacha haya zake zote akaja akaniambia." Wageni walinigeukia wakasema ndaga fijo, asante sana, mama, umetutunzia baba yetu. Niliitikia ndaga. Niliitikia hivyo miaka sita. Mume wangu pia aliamini hivyo, na mama, na kanisa zima.

Mara moja nilijaribu. Ilikuwa alasiri, tuko wawili tu barazani, yeye ameegemeza magongo ukutani, kikombe mkononi, ametulia.

"Baba," nikasema, "kuna jambo kuhusu ule mguu."

"Sema, mwanangu."

Akaniinulia uso wake na kungoja. Hakuwa na shaka yoyote na mimi. Nikatazama kikombe chake, kilikuwa kimefika nusu.

"Nikuongezee?"

"Ongeza," akasema, na mimi nikamwongezea.